Jani Lisilo na Jina: Tiba ya Mitishamba katika Kamusi na Fasihi Yetu

Tunapozungumza habari za utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, hadithi, mavazi na vinyago. Hizo ni sehemu ya utamaduni, na hapana mtu mwenye busara atakayezibeza. Lakini utamaduni wa watu ni jumla ya njia zote walizozibuni ili waweze kuishi, na miongoni mwa njia hizo hakuna iliyo karibu na uhai wenyewe kuliko ile ya kuwatunza wagonjwa. Kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa, watu wa nchi hii walikuwa wakiugua, wakitibiwa, wakizaa na kulea. Walitumia majani, mizizi, magome, mbegu na utomvu wa mimea iliyopandwa nyuma ya nyumba zao na ile iliyochumwa porini. Hata leo, ambapo zahanati na vituo vya afya vimeenea, ni nyumba chache ambazo hazijapata kuchemsha majani ya mpera kwa ajili ya tumbo la kuhara, au mchaichai na tangawizi kwa ajili ya mafua.

Makala haya hayakusudii kufundisha tiba hiyo, wala kuthibitisha kwamba jani fulani huponya ugonjwa fulani. Hiyo ni kazi ya maabara na hospitali. Kusudi letu ni kuuliza swali la mhakiki: je, maandishi yetu ya Kiswahili, yaani kamusi, riwaya, tamthilia na magazeti, yameuelezaje ujuzi huu? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba maandishi yetu yamemchora mganga mara nyingi sana, kwa vibuyu, pembe na hirizi zake, lakini jani lenyewe yameliacha bila jina wala maelezo. Upungufu huu waweza kuonekana kuwa mdogo, wa watu wa vitabu tu. Tutajaribu kuonyesha kwamba madhara yake ni makubwa, na kwamba yamewafikia hata watu ambao hawajapata kusoma riwaya moja.

Maneno mawili mapana

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Neno mganga limetokana na kitenzi kuganga, ambacho maana yake ni kutibu na pia kutengeneza kilichoharibika. Wahenga walisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," na katika methali hiyo ugonjwa na matengenezo vimekaa pamoja. Neno hili si la Waswahili peke yao. Wakongo wana nganga, Washona wana n'anga, Wazulu wana inyanga, na nchini Rwanda umuganga ni daktari wa hospitali. Kwetu Tanzania pia Serikali imelihifadhi neno hilo katika vyeo vyake: Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari aliyesomea udaktari, wala hakuna anayemdhania kuwa na tunguri.

Hata hivyo neno hilohilo humwita mtu wa mizizi, mpiga ramli, mpunga pepo, mwandika kombe na mwunga mifupa. Upana wa namna hiyo umo pia katika neno dawa, tulilolipata kwa Waarabu. Tunasema dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu; na wapo wasemao dawa ya mapenzi na dawa ya kumtambua mwizi. Upana huu si aibu ya lugha. Katika fikra za wazee wetu, maumivu ya mwili, ugomvi wa jirani na hasira ya mizimu vilikuwa jamaa moja, na lugha ikawafuata wenyewe. Lakini neno likiwa pana, mwandishi analazimika kuwa mwangalifu zaidi, amwambie msomaji ni mganga yupi na ni dawa ipi.

Uangalifu huo haukupatikana wakati wa ukoloni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ililenga uchawi, haikulenga mizizi. Lakini machoni pa karani, mmisionari na mwalimu wa siku zile, mfuko wa mizizi na hirizi vilikuwa kitu kimoja. Katika lugha ya watawala lilienea jina lililomfunga mganga na mchawi kwa kamba moja, ingawa kwa mwenyeji mganga ni adui wa mchawi. Mtoto aliyesoma katika shule hizo alijifunza kuona haya kwa ajili ya kibuyu cha nyanya yake. Alipokua na kuwa mwandishi, kasumba hiyo aliingia nayo katika kalamu.

Mganga katika fasihi andishi

Si waandishi wote waliochanganya mambo. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alituachia kitabu cha Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967. Humo mfalme asiyejaliwa mtoto anawaita waganga, nao hawaji kama kundi moja lisilo na sura. Wa mizizi wana fani yao, wa makafara wana yao, na watabiri wana yao. Mwandishi ameziona tofauti ambazo ofisi na shule za kikoloni hazikuziona. Hata hivyo lengo la kitabu ni falsafa ya utawala na elimu. Mizizi imetumika kama kielelezo katika hoja kubwa zaidi, wala mwandishi hakukusudia kwamba msomaji akitoka shambani aweze kuitambua.

Mfano wa pili ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Msingi wake ni Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na swali lake ni zito: imani yaweza kuwaunganisha watu wanyonge, lakini je, imani hiyo ikiwa ni ya uongo, mwenye kuianzisha afanye nini? Kwa kulitazama swali hilo pande zote, Hussein ametunga kazi ambayo imestahili kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Lakini angalia jambo moja. Masimulizi ya historia yanataja kwamba maji yale yalichanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Mbarika ni mmea wa uani, na mtama ni chakula cha kila siku. Dawa iliyowaunganisha watu wa makabila mengi ilitengenezwa kwa vitu ambavyo kila mkulima alivijua kwa kuvishika. Kumbukumbu yetu ya taifa imebaki na maji. Mbarika na mtama vimebaki kwa wanahistoria. Hatumlaumu mtunzi, kwa maana tamthilia haikuwa na haja ya mambo hayo. Tunachokionyesha ni mwelekeo: imani huandikwa, mmea husahauliwa.

Tukishuka kutoka kwa watunzi hao wakubwa hadi hadithi za kawaida, michezo ya kuigiza ya shuleni na filamu za siku hizi, mwelekeo huo unakuwa desturi. Mganga tunamtambua kabla hajafungua kinywa. Amevaa kaniki, ana shanga shingoni na usinga mkononi, anaishi kibandani peke yake, naye hudai kuku mweusi. Wakati mwingine ni laghai wa kuchekesha; wakati mwingine ni mtu wa miujiza ambaye neno lake halipingwi. Sura hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zina jambo moja zinalokubaliana: hakuna hata moja inayohitaji jina la mti. Laghai hana haja ya dawa ya kweli, na mtenda miujiza hana haja ya dawa kabisa.

Yupo atakayesema kwamba riwaya si duka la dawa, na kwamba mwandishi hana wajibu wa kutaja miti. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuipime kwa kazi za waandishi wenyewe. Mwandishi wa pwani akieleza safari ya baharini atakutajia mlingoti, foromali na tanga, na atakuambia upande wa joshini na wa demani. Akieleza uvuvi atataja dema, mshipi na ndoana. Anajua kwamba bila majina hayo msomaji hataamini kwamba mhusika ni baharia au mvuvi. Lakini akimfikia mgonjwa kitandani, mwandishi huyohuyo huandika kwamba "alipewa mizizi fulani," na kuendelea na safari. Neno fulani hapo linatusimulia mengi. Linatuambia kwamba uvuvi anauhesabu kuwa ujuzi, na tiba ya mizizi anaihesabu kuwa giza.

Kamusi na majina ya mimea

Kama fasihi imelipita jani bila kulitazama, tungetumaini kulikuta katika kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ni moja ya kazi za kujivunia katika historia ya lugha yetu, kwa kuwa ilikieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini mwanafunzi anayetafuta jina la mmea, katika kamusi hiyo na katika nyingine zilizoitangulia na kuifuata, mara nyingi hukuta maelezo mafupi kwamba hiyo ni aina ya mti, au aina ya mmea, basi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayamwezeshi mtu kuutofautisha mti huo na maelfu mengine ya miti iliyomo nchini.

Kwamba jambo hilo liliwezekana kufanywa vizuri zaidi, tunao ushahidi. Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa mpenda lugha na pia mkusanyaji wa mimea. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, ina majina mengi ya mimea ya pwani yaliyolinganishwa na majina ya kisayansi. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu anayetaka kujua ni mti gani hasa ulioitwa kwa jina fulani na Waswahili wa zamani, huenda akalazimika kwanza kujifunza Kifaransa.

Majina haya si vibandiko vitupu. Kila jina ni hadithi fupi. Kifaurongo ni mmea mdogo ambao majani yake hujikunja yakiguswa, kana kwamba umekufa. Aliyeupa jina aliutazama kwa makini na kwa ucheshi. Mwingajini ni mmea ambao jina lake linasema kwamba hufukuza majini. Hapo tunaona jinsi wazee walivyoeleza chanzo cha baadhi ya magonjwa. Mwarobaini umepata jina lake kwa sababu watu waliamini kuwa huponya maradhi arobaini. Jina hili la mwisho lina funzo jingine pia. Mti huo ambao leo wengi wanauita dawa yetu ya asili, uliletwa kutoka Bara Hindi. Mlonge nao asili yake ni huko. Mpera na mpapai zimetoka Amerika. Mbuyu na mkwaju ndizo za Afrika. Kwa hiyo bustani ya dawa ya mwananchi wa pwani ni historia ya Bahari ya Hindi iliyopandwa ardhini. Wazee wetu hawakuuliza kwanza mti umetoka wapi. Waliujaribu, wakaupa jina la Kiswahili, wakaufanya wao. Anayedhani kuwa jadi ni kitu kisichochanganyika na cha wengine, na atazame nyuma ya nyumba yake.

Lakini majina yana hatari yake pia, na hapa ndipo suala la kamusi linapokuwa suala la uhai. Mmea ambao baadhi ya watu wanauita mbarika, wengine wanauita mnyonyo, na wengine mbono. Upo mmea mwingine uitwao mbono kaburi. Mafuta ya nyonyo yametumika tangu zamani kwa kuharisha na kwa ngozi, lakini mbegu zake zikitafunwa zina sumu kali. Na mbegu za mbono kaburi zina sumu pia. Mtu aliyeambiwa "chukua mbono" bila maelezo mengine amepewa kitendawili, na kosa la kukitegua laweza kumgharimu maisha. Vivyo hivyo ndulele, yale matunda ya manjano yaotayo kandokando ya njia, hutumika katika tiba sehemu nyingi ilhali yana sumu. Na mafuta ya mwarobaini, ambao watu wengi wanaudhania kuwa hauna madhara yoyote, yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliponyweshwa. Kamusi inayotosheka kusema "aina ya mti" haimsaidii mzazi, mwalimu wala daktari.

Ujuzi wa uani

Tumesema kwamba fasihi yetu imemchora mganga wa kibandani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa mitishamba haimo kibandani kwake. Imo uani, kwa akina mama, mabibi na wakunga, watu ambao hawajiiti waganga na hawana tunguri wala usinga. Mwanamke anayechuma mchunga kwa mboga anajua kwamba uchungu wake unasifiwa kwa tumbo. Mgagani huliwa na pia hutumiwa kama dawa. Mrehani hupandwa kwa harufu yake, lakini majani yake yana kazi nyingine mwenye nyumba anapougua. Kati ya chungu cha mboga na chungu cha dawa hapana ukuta. Wahenga walituonya, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," na fasihi yetu, kwa kunyamaza, imewatukana bila kutaka.

Ujuzi huu una umbo lake la maneno, ambalo lastahili kuhesabiwa kuwa ni tanzu mojawapo ya fasihi simulizi. Bibi akimwelekeza mjukuu wake hasemi tu, "Chemsha majani." Husema ni sehemu gani ya mti: jani changa au lililokomaa, gome au mzizi. Husema wakati wa kuchuma. Husema namna ya kutengeneza: kutwanga, kuloweka usiku kucha, kufukiza, au kuchemsha hadi maji yabaki nusu. Husema kipimo: konzi, kata, funda. Husema siku: tatu au saba. Husema miiko: nani asinywe, na nini kisiliwe pamoja nayo. Maelekezo hayo yana mpangilio, marudio na mkazo kama ilivyo methali na kitendawili, kwa sababu yamekusudiwa yasisahauliwe. Watafiti wetu wamekusanya hadithi, nyimbo, methali na vitendawili kwa bidii. Maelekezo haya hawakuyapa bidii ileile, kwa kuwa yalionekana kuwa si sanaa.

Ndani ya maelekezo hayo busara na imani zimefumana. Chukua mfano wa desturi ya kuchukua gome upande wa mashariki na upande wa magharibi wa mti, bila kuuzungusha mti wote. Mzee ataieleza kwa habari ya kuchomoza na kutua kwa jua. Mtu wa misitu ataieleza kwa njia nyingine: mti uliomenywa gome pande zote hufa, kwa kuwa chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani hupita katika gome. Desturi imeulinda mti, maelezo yakiwa tofauti. Zipo desturi nyingine ambazo hazina faida yoyote, na zipo zenye madhara, kama ile ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto mno hadi ngozi ikababuka. Mkusanyaji hawezi kuzitenga kwa macho ya mara moja. Wajibu wake ni kuandika kila kitu kama kilivyosemwa, kisha awaachie wenye vipimo wapime.

Kazi ya kupima ilianza nchini mapema. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ikaunda baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini sehemu kubwa ya matokeo ya utafiti wa aina hii imeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu. Mzee aliyeonyesha jani porini hawezi kusoma yaliyopatikana ndani ya jani lake. Hajui kama alikuwa sahihi, wala hajui kama anapaswa kuacha. Ujuzi umetoka kijijini kwa Kiswahili, au kwa Kizigua na Kisambaa, na haukurudi.

Gharama ya kutotofautisha

Mwaka 2011 taifa zima lilielekeza macho kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa dawa ya mti wa mugariga kwa kikombe kimoja, kwa shilingi 500. Maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri, wengine kutoka nchi za jirani, na baadhi ya wagonjwa walifariki njiani au wakiwa kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha pona. Magazeti yaliandika sana habari za foleni, magari na bei za nauli. Lakini kwa mwanafunzi wa utamaduni mambo mawili yalistahili mkazo zaidi. La kwanza, mugariga hakuwa mgeni. Wataalamu waliutambua kuwa ni Carissa, ule mti wenye miiba ambao Waswahili wanauita mtandamboo, na wenyeji wa sehemu hizo wamekuwa wakiutumia tangu zamani. La pili, nguvu ya dawa ilisemekana kutoka katika ndoto na katika mkono wa mtoaji, hata ikaaminika kwamba mti huohuo ukichemshwa na mtu mwingine haufai kitu. Huo ulikuwa uganga wa imani uliovaa vazi la mitishamba. Umma uliozoea kuyaona mambo hayo mawili katika picha moja haukupewa nyenzo za kuyatenganisha.

Upande mwingine wa mchanganyiko huo una damu. Mauaji ya watu wenye ualbino, na yale ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, yamehusishwa na wapiga ramli. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Katika mazungumzo ya mitaani, marufuku hayo yalitajwa kama marufuku ya "waganga." Mama mkunga na muuza mizizi wa halali wakajikuta wanatazamwa kwa jicho lileile la mshirika wa wauaji. Hiyo ndiyo gharama ya neno pana lililoachwa bila mlinzi: mwovu hujificha nyuma ya mwema, na mwema hulipa deni la mwovu.

Gharama ya tatu inaangukia misitu. Mti wa mueri, ambao wataalamu wanauita Prunus africana, magome yake yalipata soko kubwa Ulaya kwa dawa ya matatizo ya tezi dume. Miti ikamenywa kwa pupa katika nchi kadhaa za Afrika, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini. Desturi ile ya kuchukua gome pande mbili tu ilishindwa na gunia na mizani. Ujuzi ulinunuliwa bila miiko yake.

Funzo kutoka Uchina

Wanafunzi huuliza kama kuna faida yoyote ya kweli katika kuandika maneno ya wazee. Jibu lipo katika dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika katika hospitali zetu mwishoni mwa mwaka 2006. Asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga. Katika karne ya 4 mganga wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika katika kitabu chake cha tiba kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi ya mmea huo, auloweke katika maji, aukamue na anywe maji yake. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, mtafiti Tu Youyou na wenzake walikuwa wakichemsha mmea huo bila mafanikio ya kuaminika. Aliposoma tena maneno yale alitambua kwamba Ge Hong hakutaja moto. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na mwaka 1972 kiini cha dawa kikapatikana. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Sifa ya jumla kwamba mmea huo ni dawa haikutosha. Kilichookoa watu ni kitenzi kimoja: kuloweka. Kama mwandishi yule wa kale angeandika, kama wanavyoandika wengi wetu, kwamba mgonjwa "alipewa majani fulani," ufunguo huo haungekuwapo. Na tukumbuke pia kwamba maneno ya Ge Hong hayakuaminiwa hivihivi, yalijaribiwa. Kuandika kwa usahihi na kupima kwa uaminifu ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Kazi ya shule

Kutokana na hayo, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa baiolojia wana shamba moja la kulima pamoja. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kupewa kazi ya kukusanya majina na maelekezo ya mimea katika vijiji na mitaa yao, kwa idhini ya wazee wenyewe. Kwa kila mmea waandike jina kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, maana ya jina hilo, sura ya jani, ua na tunda, mahali unapoota, na maelekezo kamili kwa maneno ya msemaji, pamoja na miiko. Wachukue tawi, walikaushe kati ya magazeti, walihifadhi kwa namba. Jina la mzee aliyetoa ujuzi liandikwe akipenda. Na akitaka jambo libaki siri ya ukoo, siri hiyo iheshimiwe. Wanafunzi wasionje wala wasimpe mtu chochote, na mgonjwa aelekezwe zahanati. Nakala ya kazi hiyo ibaki kijijini, ili ujuzi usitoke mara ya pili bila kurudi.

Katika somo la fasihi, mwalimu awafundishe wanafunzi kuuliza kila wanapokutana na mganga kitabuni: huyu ni mganga wa aina gani? Dawa yake ni kitu gani? Mwandishi amemtazama kwa macho yake mwenyewe, au kwa macho aliyoazimwa? Na mwanafunzi atakayekuwa mwandishi kesho ajue kwamba lipo nafasi tupu katika riwaya yetu linalomsubiri: mwanamke mwenye kinu na mchi, asiye mchawi wala nabii, anayejua majina ya majani mia moja na pia anajua ni lini amwambie mgonjwa, "Hii imenishinda, mpelekeni hospitali."

Wazee wanaojua majina hayo wanapungua mwaka hata mwaka, na pori walilochumia linakatwa kwa mkaa na kwa mashamba. Kamusi ijayo ya taifa inaweza bado kuandikwa nao wakiwa hai. Ikiandikwa baada yao, itatubidi tuandike tena "aina ya mti," na safari hiyo hatutakuwa na mtu wa kumwuliza ni upi.